SIKIO HALINA KIRAKA: Kuchagua Spika na Hedifoni za Kompyuta ya Nyumbani



Mwezi huu tunakusudia kuzungumzia kitu ambacho aghalabu hununuliwa kwa dakika tano na kutumiwa kwa miaka mitano: spika na hedifoni za kompyuta. Mzazi huchukua wiki nzima kulinganisha kompyuta. Huuliza kasi yake, kumbukumbu yake na ukubwa wa kioo chake. Kisha, akiwa mlangoni anatoka, muuzaji humtilia mfukoni hedifoni iliyo karibu na mkono, naye hulipa bila ya kuuliza lolote. Na hali ya kuwa katika vyombo vyote alivyonunua siku ile, hicho ndicho kitakachokaa juu ya kiungo cha mwili wa mwanawe ambacho kikiharibika hakitengenezeki.

Kwa familia zetu zilizopo hapa Dubai, kompyuta imekuwa skuli, chuo na baraza kwa wakati mmoja. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya skuli za Imarati, watoto wote walisomeshwa nyumbani kwa kompyuta mpaka mwaka wa masomo ukamalizika. Mwezi wa Aprili 2024, iliponyesha mvua kubwa iliyogeuza barabara kuwa mito, walirudishwa tena mbele ya vioo kwa siku kadhaa. Wako pia wanaosomeshwa Qur'ani na mwalimu aliyekaa Unguja au Mombasa: kwake ni saa kumi alasiri, kwetu ni saa kumi na moja, na kinachowaunganisha ni sauti tu. Na usiku wa kuamkia Ijumaa bibi hukaa upande wa pili kungojea kusikia wajukuu wake. Basi sauti ikiwa mbovu, masomo na mapenzi vyote hupungua.

SAUTI YA MBALI SI NGENI KWETU

Watu wa pwani hatukuanza jana kununua chombo kwa ajili ya sauti inayotoka mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi, na santuri zake zikarudi kuuzwa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Juni 1939 ikaanza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na redio ya mtu mmoja ikawa redio ya mtaa. Baadaye zikaja kaseti za taarabu na za mawaidha, zikisafiri mikobani mwa wasafiri baina ya pwani yetu na Ghuba.

Kompyuta yenyewe ilizaliwa karibu na bubu. Ile ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio tu, na kadi ya Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyoifundisha kompyuta ya nyumbani kusema na kuimba.

Tofauti ya zama hizi na zile ni moja. Gramafoni, redio na kaseti zilikuwa kinywa kimoja kwa masikio ya ukumbi mzima. Leo sauti imetiwa ndani ya sikio la mtu mmoja mmoja, na waliokaa naye hawajui anachosikia wala kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni spika ipi yenye sauti tamu, mzazi ana maswali mawili ya kujiuliza: je, sikio la mtoto litasalimika? Na je, nyumba itabaki na mazungumzo yake?

SIKIO LENYEWE LIKOJE

Ndani kabisa ya sikio mna kitu mfano wa kombe la konokono. Humo mna chembe ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, zinazopokea mtetemo wa sauti na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Ndege na samaki, chembe hizo zikifa, huota nyingine. Mwanadamu haoti nyingine. Alizozaliwa nazo ndizo hizo hizo mpaka mwisho wa umri wake. Kifaa cha kusaidia usikivu huikuza sauti ili zile zilizobaki ziipokee, lakini hakifufui zilizokufa. Ndiyo maana tukasema kuwa sikio halina kiraka.

Sauti kali haiziui chembe zote kwa pamoja. Huanza na zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa za mitetemo karibu 4,000 kwa sekunde. Hapa ndipo penye hila ya maradhi haya. Irabu za maneno, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu zao kubwa katika sauti nzito, kwa hiyo mtoto aliyeanza kudhurika huendelea kusikia kuwa anaitwa, husikia mlango na husikia gari. Kinachomponyoka ni zile konsonanti nyembamba zinazotenganisha neno na neno. Kwake yeye thamani na samani huwa kitu kimoja. Shaba na saba hukaribiana. Dhana na zana hupotezana. Katika chuo, thaa, siin na shiin huanza kufanana. Mwalimu humwona mzembe, mzazi humwona mkaidi, na mtoto mwenyewe hajui kuwa kuna alichokikosa, kwa sababu mtu hawezi kukihesabu asichokisikia.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa vijana zaidi ya bilioni 1, wenye umri baina ya miaka 12 na 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa njia isiyo salama.

KIPIMO CHA SAUTI NA SAA ZAKE

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu ya desibeli si kama ya kilo za mchele. Kila inapoongezeka desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni huwa mara mbili, na kwa hiyo muda wa salama hukatwa nusu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa kipimo cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40.

Sasa na tupige hesabu. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki. Desibeli 86 ni saa 10. Desibeli 89 ni saa 5 tu. Kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20. Desibeli 81 ni saa 10. Desibeli 84 ni saa 5.

Madukani zipo hedifoni za watoto zenye maandishi kuwa hazipiti desibeli 85. Ni jambo jema, na tunamshauri kila mzazi mwenye mtoto mdogo azitafute. Lakini tazama hesabu yetu hapo juu: desibeli 85 kwa mtoto ni takriban saa 4 kwa wiki nzima. Mtoto anayesoma kwa kompyuta saa 4 kila siku, na sauti ameifungua mpaka mwisho, atakuwa amemaliza haki ya wiki kwa siku moja, naye amevaa hedifoni iliyoandikwa kuwa ni salama. Maandishi yale ni dari, si ruhusa ya kukaa darini. Hedifoni hiyo inunuliwe, na bado sauti ishushwe.

Huna haja ya chombo cha kupimia. Iko mizani ya nyumbani nayo ni hii: kaa umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, umwite mtoto kwa sauti ya kawaida. Akikusikia, ni heri. Asipokusikia, sauti imezidi. Na mizani ya pili: alama ya sauti katika kompyuta isipite asilimia 60 ya mwisho wake. Mtoto akilalamika kuwa masikio yanavuma au yanapiga kengele baada ya kuvua hedifoni, asiambiwe anadeka. Hayo ni malalamiko ya sikio, na yakiendelea apelekwe kwa daktari akapimwe.

SPIKA AU HEDIFONI?

Kanuni yetu ni nyepesi. Kinachowahusu watu wa nyumba kisikilizwe kwa spika. Kinachomhusu mtu mmoja na kingewaudhi wengine kisikilizwe kwa hedifoni. Bibi akizungumza, ni spika. Mawaidha, habari za nyumbani, hadithi za watoto, ni spika. Somo la hesabu la Fatma wakati Salim anafanya mtihani wa kiingereza meza ya pili, ni hedifoni.

Wengi wetu tumegeuza mambo. Tumenunua hedifoni nne kwa watoto wanne, na spika haimo nyumbani. Matokeo yake ni ukumbi wenye watu sita na kimya cha makaburini. Nasi hapa ughaibuni tuna hasara ya ziada. Mtoto aliye Mombasa, akivaa hedifoni kutwa, Kiswahili kitamngojea mlangoni, dukani na msikitini. Mtoto aliye Dubai hana Kiswahili kingine isipokuwa kile kinachopita hewani ndani ya nyumba yake: mama akizungumza na dada yake kwa simu, baba akimtania ami, bibi akiuliza kama watu wameshakula. Maneno hayo hakuna anayeyasomesha; mtoto huyaokota akiwa anacheza. Ukimziba masikio kwa saa tano za jioni, umemfungia skuli ya pekee ya lugha aliyokuwa nayo. Hali kadhalika hasikii adhana, wala hodi, wala mdogo wake akilia chumbani.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye spika nzuri moja ya ukumbini, na ya pili ndiyo iende kwenye hedifoni.

KUCHAGUA SPIKA

KWANZA, usidanganywe na wati. Utaona kisanduku kidogo kimeandikwa wati 1,000, na pembeni yake herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha kupambia kisanduku, hakina sheria inayokifunga. Kipimo cha kuaminika huandikwa RMS, nacho ni nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Hebu fikiri: spika inayopata umeme wake kutoka tundu la kawaida la USB hupewa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5 kwa jumla. Hizo wati 1,000 zitatoka wapi? Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Kwa chumba cha kawaida cha ghorofa zetu, wati 10 hadi 20 za RMS kwa jumla zinatosha na kubaki. Na ujue kuwa wati zikizidishwa mara kumi, sikio huona sauti imeongezeka mara mbili tu. Basi usilipie tarakimu.

PILI, tazama idadi. Spika mbili zilizo sawa huitwa 2.0. Zikiongezwa sanduku la besi huitwa 2.1, na zipo za 5.1 ambazo huzunguka chumba kizima kwa ajili ya filamu. Kwa masomo, Qur'ani na mazungumzo, 2.0 ndiyo inayofaa, kwa sababu maneno hayamo ndani ya besi. Besi ina tabia nyingine: sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini sauti nzito hupenya na kushuka mpaka kwa jirani wa chini. Katika jengo la ghorofa kumi, jirani ana haki yake.

TATU, tazama chumba kabla ya kutazama spika. Nyumba za hapa zina sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa ya kioo. Sauti hugonga na kurudi, maneno yakavurugana, na mtu huongeza sauti akidhani spika ni mbovu. Zulia sakafuni, pazia nzito dirishani na mito ya majlis pembeni hufanya kazi ambayo spika ya bei mara mbili haiwezi kuifanya. Vivyo hivyo kiyoyozi: kikivuma juu ya kichwa, kila mtu hupandisha sauti ili ashindane nacho. Weka meza ya kompyuta mbali nacho.

NNE, namna ya kuziweka. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji ziwe pembe tatu zilizo sawa, zikielekea usoni kwa kimo cha masikio. Ukiziweka chini ya meza, magoti ndiyo yanayosikiliza. Ukizibana kwenye pembe ya ukuta, besi huzidi na maneno hufifia.

Kwa mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, matundu ya nyuma yana rangi zake: kijani ni ya spika au hedifoni, waridi ni ya maikrofoni, na buluu ni ya kuingizia sauti kutoka chombo kingine.

KUCHAGUA HEDIFONI

Ziko aina tatu. Iko ya kufunika sikio lote, iko ya kukalia juu ya sikio, na iko ndogo ya kuingiza tunduni. Kwa mtoto anayesoma, ya kufunika ndiyo bora. Huzuia kelele za nje, kwa hiyo hana sababu ya kupandisha sauti, haibani sikio, wala haisukumi nta ndani. Ya tunduni ni nyepesi kwa safari, lakini kila mtu awe na yake, isizunguke kwa ndugu watatu kama mswaki wa pamoja.

Kuna za kufunika zenye mgongo uliozibwa na zenye mgongo wazi. Zenye mgongo wazi sauti yake ni tamu na pana, lakini huvuja pande zote mbili. Katika chumba chenye watoto wawili, nunua zilizozibwa.

Zipo pia zinazofuta kelele. Ndani yake mna maikrofoni ndogo zinazousikia mvumo wa nje na kutoa sauti iliyo kinyume chake, zikauana. Huweza sana mvumo wa kudumu kama wa kiyoyozi au wa ndege, na huweza kidogo makelele ya watu. Faida yake ya kweli ni kuwa mtu husikiliza kwa sauti ya chini. Lakini asiachiwe nazo mtoto aliye peke yake, kwa sababu atakayoyakosa si kelele tu.

Ama kuhusu waya na bila ya waya, hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Hedifoni ya Bluetooth hutoa sauti nzuri inapopokea tu. Maikrofoni yake ikifunguliwa, mara nyingi hulazimika kugawana njia moja, na sauti hushuka ghafla ikawa kama ya simu ya zamani. Simu ya zamani hupitisha mitetemo baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na kinachokatwa juu ya hapo ndicho kile kile tulichokitaja: tofauti ya siin na thaa. Mwanafunzi anasema sawasawa, mwalimu aliye Unguja anasikia vingine, na anasahihisha kosa lisilokuwepo. Tena sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo nyuma ya midomo inayoonekana. Kwa hiyo kwa kusoma na kusomeshwa, waya bado ni bora: ni rahisi, haina betri ya kuisha katikati ya aya, na haikati herufi. Tazama tu kuwa tundu la kompyuta yako na ncha ya waya vinaoana. Nyingine ni za milimita 3.5 na nyingine ni za USB.

UPANDE WA PILI WA SAUTI

Tukinunua, tunafikiri masikio yetu sisi. Lakini katika mazungumzo ya mbali, maikrofoni yako ndiyo sikio la bibi. Mzee hupoteza sauti nyembamba kwa umri, kama tulivyoeleza kwa kelele. Kumpigia kelele hakumfai, kwani hupandisha irabu na kuacha konsonanti pale pale. Kinachomfaa ni maikrofoni iliyo karibu na kinywa, mtu mmoja kusema kwa wakati mmoja, na maneno kutamkwa taratibu.

Na mara ngapi tumesikia wazee wakilalamika, "Mwanangu, nasikia sauti yangu inanirudia"? Hapo watu huilaumu intaneti ya huko. Mara nyingi kosa liko huku. Sauti ya bibi hutoka katika spika zako, huingia katika maikrofoni yako, na kumrudia. Dawa yake ni kushusha spika, kuisogeza maikrofoni mbali na spika, au kuvaa hedifoni kwa muda. Ikiwa mnapenda kuzungumza nyumba nzima kwa pamoja, kama tunavyousia, ipo spika ya mazungumzo iliyotengenezwa pamoja na maikrofoni yake na yenye kazi ya kuukata mwangwi huo. Chombo hicho kimoja, kikiwekwa katikati ya meza, hurudisha ile baraza ya redio. Wala usisahau kumtazamia bibi mwenyewe: spika ndogo iliyo wazi kwa maneno, ikipelekwa naye msafiri, huenda ikawa zawadi bora kuliko kanga ya tatu.

TUKIFIKA SOKONI

Hapa Dubai hatuna upungufu wa maduka. Barabara ya Khalid bin Al Waleed na mtaa wa Al Fahidi, kule Bur Dubai, ni maarufu kwa kompyuta na vyombo vya umeme. Kwa wingi huo, mnunuzi asikubali kununua asichokisikia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nenda na simu yako ikiwa imerekodiwa sauti unayoijua vizuri: sauti ya mkeo, ya mama yako, au kisomo cha msomaji uliyemzoea. Muziki wa muuzaji umechaguliwa ili uisifu spika. Sauti ya mama yako haichaguliwi ili imsifu mtu. Isikilize kwa sauti ya chini kwanza. Spika nzuri husema wazi hata ikinong'ona. Mbovu hutaka ipigiwe kelele ndipo ieleweke. Kisha msikilize mtoto mwenyewe. Mvalishe hedifoni dakika kumi, umwulize kama inabana, na umtamkie maneno kupitia simu: samani, thamani, saba, shaba. Akiyatenga bila ya kubahatisha, umepata.

Usiharakishwe na punguzo. Tangu Tamasha la Ununuzi la Dubai lilipoanza mwaka 1996, tumezoea kuona bei zikishuka kwa misimu. Spika isiyonunuliwa leo itakuwepo kesho. Jihadhari na hedifoni yenye jina kubwa na bei ndogo mno, kwa sababu bandia huiga umbo na haiigi kinga ya masikio. Dai risiti yenye jina la duka, aina ya chombo na muda wa dhamana. Iko Sheria ya Shirikisho nambari 15 ya mwaka 2020 inayomlinda mnunuzi, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbuka pia kuwa tangu Januari 2018 bei hubeba kodi ya asilimia 5, basi uliza kama imo ndani ya bei au la.

Anayenunua kwa ajili ya nyumbani atazame plagi. Ya hapa, yenye meno matatu bapa, ndiyo inayotumika pia Kenya, Uganda, Unguja na Tanzania bara. Anayepeleka Goma au Bukavu atahitaji kigeuzio cha meno mawili ya mviringo. Na chombo kilicholetwa kutoka Marekani kisomwe kwanza: kikiwa kimeandikwa volti 120 pekee, ukikichomeka hapa utanusa moshi kabla ya kusikia sauti.

KWA MUHTASARI

Mwenye fedha kidogo afuate mpango huu. Kwanza, atandike zulia na kuisogeza meza mbali na kiyoyozi. Hilo huenda lisimgharimu hata dirhamu moja. Pili, spika mbili za kawaida zenye maneno wazi kwa ajili ya ukumbi. Tatu, hedifoni moja ya waya, ya kufunika, yenye mpaka wa desibeli 85, kwa kila mtoto anayesoma. Nne, saa maalumu za jioni ambazo hedifoni zote hutundikwa msumarini na watu wakasikilizana. Hilo la nne haliuzwi katika duka lolote la Bur Dubai, na bila ya hilo matatu ya mwanzo hupungua faida.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea sauti ya chini akiwa na miaka saba ataipenda akiwa na miaka ishirini, wakati ambapo hatuko nyuma ya mlango wake kumwambia punguza. Tumemvusha bahari ili apate elimu. Itakuwa ajabu tumrudishe kwa bibi yake akiwa na vyeti mkononi, na bibi akimwita kwa upole anaomba arudiwe mara ya tatu.

Toleo lijalo, In shaa Allah, tutazungumzia namna ya kuyahifadhi macho mbele ya kioo cha kompyuta. Mpaka wakati huo, tunawaombea afya na masikilizano mema majumbani mwenu.